Saa Mbili na Dakika Hamsini

Alhamisi, 12 Januari

Kitindamimba wetu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hatujambo wote isipokuwa magoti ya Mama, ambayo siku hizi yana ratiba yao wenyewe. Wifi yako amepaka jiko rangi ya kijani. Ananiuliza kama imependeza, nami nasema imependeza, kwa sababu bado nataka kula humu ndani.

Mama haachi kuuliza uko mbali kiasi gani. Kila asubuhi nikifunga kamba za viatu ananiuliza, na kila asubuhi namjibu: kilomita elfu moja mia tisa na arobaini, kutoka uwanja wenu hadi uwanja wetu. Kilomita hazimwingii akilini, kwa hiyo nampa muda. Ndege ya mizigo ikija huku inapigana na upepo, saa tatu na dakika kumi. Ikirudi kwenu upepo unaisukuma, saa mbili na dakika hamsini. Jana akaniuliza, "Kwa hiyo kwenda kwake ni karibu kuliko yeye kuja kwetu?" Nikasema ndiyo. Akasema basi mambo yamepangwa vibaya, akarudi kujilaza.

Kazini ni yaleyale. Napima mafuta, upepo na uzito, natia sahihi hati ya ruhusa, ndege inaondoka. Mwaka huu natimiza miaka kumi na minane katika chumba hiki cha safari na sijawahi kuchelewesha ndege hata moja. Marubani wananiita Saa ya Ukutani. Nimelizoea hilo jina, na sikufichi, nalipenda.

Leo shemeji yangu, mumeo, amekuja akisindikiza mizigo ya ndege kama kila Alhamisi. Tumekunywa chai. Nilimuuliza habari zako, akasema uliteleza bafuni ukaumia mdomo. Sasa nieleze vizuri. Barua yako ya mwezi jana ilisema ni mlango wa kabati. Bafuni au kabatini?

Nakusubiri,
Kaka yako

*

Alhamisi, 26 Januari

Kaka,

Shikamoo. Mpe Mama shikamoo yake, na wifi umwambie kijani ni rangi nzuri kwa majani.

Mimi nipo. Kwenye karakana tumeletewa viti mia moja na ishirini vya ndege, vyote vimechanika palepale panapokaa simu za watu. Nashona mpaka vidole vinakufa ganzi. Fundi wetu mkuu, yule mama mnene mwenye miwani miwili, ndiye anayepokea barua zako na kuzificha chini ya vitambaa. Endelea kutumia jina lake kwenye bahasha. Simu yangu iko mfukoni kwa shemeji yako, na simu ya karakana iko kwenye meza ya mtu anayecheza naye karata.

Ilikuwa kabati. Na bafuni. Na mwezi wa kumi na moja ilikuwa ngazi, hiyo sikukuandikia. Nyumba hii ina vitu vingi vya kuangukia, tuishie hapo.

Nataka jambo moja tu kwako, na usinihoji. Nyumba yetu iko chini ya njia ya kutua. Ndege yake ikipita juu ya paa, vikombe vinatetemeka, nami najua nina dakika arobaini kabla ya ufunguo kuingia mlangoni. Katika dakika hizo naweka kila kitu mahali pake. Siku upepo ukiwa mkali anatua mapema, ananikuta sijamaliza. Niandikie wastani wa kila mwezi: anaondoka kwenu saa ngapi hasa, anatua saa ngapi.

Nina habari njema lakini naibana kwanza. Mwambie Mama lile sanduku la nguo zetu za utotoni asiligawe kwa mtu. Akicheka, utakuwa umejua.

Mimi

*

Alhamisi, 9 Februari

Mdogo wangu,

Mama alicheka, halafu akalia, halafu akalitoa sanduku chini ya kitanda na kuanza kufua vitu ambavyo ni safi. Hongera. Wifi yako amenikumbatia kana kwamba kazi nimeifanya mimi.

Sasa nisikilize. Naandika saa tisa alasiri na mkono bado unaniuma.

Barua yako niliisoma Jumamosi. Niliisoma tena Jumapili, na Jumatatu, na kila siku damu ilinichemka upya. Mtu anapanga vikombe akisubiri kupigwa! Mdogo wangu, niliyekubeba mgongoni! Na huyu mtu nimemleta nyumbani mimi mwenyewe. Mimi ndiye niliyemsifu mbele ya Mama kwamba ni mchapakazi, hanywi, mizigo yake haijawahi kuyumba. Hilo sitalikwepa.

Leo alipoingia kuchukua hati, nilifunga mlango. Sikusema salamu. Nilimpiga ngumi ya mdomo akaangukia kabati la mafaili, nikamwinua kwa kola nikampiga nyingine, na jino likatoka likalala juu ya ramani. Damu ilichuruzika mpaka kwenye ratiba ya Ijumaa. Nikamwambia, "Hilo ni la kabati. Ukimgusa tena nitakumaliza." Alifuta mdomo kwa mkono, akaokota jino lake, akalitia mfukoni. Kwa rubani alisema ameteleza ngazini. Ndiyo, alisema ngazi. Nilitamani uwepo usikie.

Saa tano kasoro dakika mbili nilitia sahihi. Saa tano kamili ndege yao iliondoka, haikuchelewa hata dakika.

Nimemkomesha. Lala kwa amani sasa.

Kaka yako

*

Alhamisi, 20 Aprili

Kaka,

Usishangae mwandiko. Naandika kwa mkono wa kushoto, na nimeanza barua hii mara nne.

Barua yako inachukua siku tisa kunifikia. Ngumi yako ilichukua saa mbili na dakika hamsini.

Vikombe vilitetemeka saa saba na dakika hamsini, kama kila Alhamisi. Niliweka kila kitu mahali pake. Saa nane na nusu aliingia, akavua viatu, akaenda kusimama mbele ya kioo na kuchungulia mdomo wake. Alitumia muda mrefu hapo. Halafu akatoa jino mfukoni, akaliweka mezani mbele yangu, akaniuliza, "Umemwandikia nini kaka yako?" Nilikuwa sijui lolote, Kaka. Nilidhani ni mzaha. Nilicheka.

Alitumia ule mkanda wa mizigo, wenye kifungio cha chuma. Mkono nilioinua kuzuia ulivunjika mara mbili, kiwiko na kifundo, nikausikia ukivunjika. Nilipoanguka alihamia kwa viatu, amevivaa tena makusudi, nilimwona akifunga kamba. Alinipiga mateke ya tumbo. Nilijikunja, akanikunjua kwa mguu. Hakupiga kelele hata mara moja. Alikuwa akisema, "Mpelekee kaka yako," kila teke, kwa sauti ya mtu anayehesabu magunia.

Hospitali niliwaambia ngazi. Kituoni nilikwenda, mkono ukiwa bado na plasta, na ofisa wa zamu akanishauri nirudi nyumbani nikazungumze naye kwa upole.

Mwambie Mama lile sanduku aligawe.

Zaidi ya hapo sitaandika, na usiniulize.

Sasa ananipeleka kazini yeye na kunirudisha yeye. Alhamisi peke yake ndiyo siku yangu. Kaka, kama bado unataka kunisaidia, usimguse. Umenisikia? Mpe chai.

*

Jumatatu, 1 Mei

Mdogo wangu,

Shikamoo hii ni yangu kwako leo, ingawa mimi ndiye mkubwa.

Mama hajambo. Sanduku sijamwambia. Limerudi chini ya kitanda na yeye haulizi, nami sithubutu kumweleza.

Nimekaa na barua yako siku mbili chooni, kwa kuwa ndipo mahali pekee wifi yako hawezi kuniona nikilia. Kazi yangu yote ni kujua kitu kikiondoka hapa kitafika wapi na saa ngapi. Hiyo tu ndiyo ninayolipwa. Na siku ile nilimpakia yule mtu, mdomo wake unavuja damu, nikampa ruhusa, tena nikajisifu kwamba hakuchelewa. Ningemshikilia hata usiku mmoja. Ningepiga simu karakana nikajifanya mteja. Sikufikiria. Saa ya Ukutani!

Basi, tupange mambo. Basi la abiria ni siku mbili na vituo kumi na vitatu, atakukuta cha pili. Inabaki ndege, na ya abiria ya kuja huku ni moja kwa wiki, Alhamisi hiyohiyo. Milango inafungwa saa nane na dakika tano mchana, inaruka saa nane na ishirini, inatua kwetu saa kumi na moja jioni, maana ina kasi kuliko ya mizigo. Shida unaiona. Yeye anatua kwenu saa saba na dakika hamsini, na wewe utakuwa umesimama kwenye foleni, mbele ya vioo vinavyotazama uwanja wa mizigo. Wapakiaji wote wanakujua.

Kwa hiyo atachelewa. Alhamisi tarehe 8 Juni, ndege yake haitaondoka hapa mpaka milango yako ifungwe. Mtapishana angani. Tiketi imo humu, kwa jina la baba, si la mumeo.

Mkono wangu hautamgusa. Nakula kiapo.

Kaka

*

Alhamisi, 18 Mei

Kaka,

Tiketi nimeishona ndani ya kiti, kile cha mfano kinachokaa dirishani na ambacho hakuna mtu anayekinunua. Fundi mkuu anasema siku hiyo atanituma uwanjani kupima viti, na nitakwenda na futi yangu shingoni ili watu wanione nafanya kazi.

Plasta imetolewa. Mkono haunyooki wote lakini unashika sindano.

Jumapili alinipiga kwa sababu nilikuwa nikiimba. Nakuandikia hili ili ujue nilikuwa nikiimba.

Nina swali moja. Wewe hujawahi kuchelewesha ndege. Utaweza kweli?

Usinijibu. Jibu nitaliona siku yenyewe.

Mimi

*

Jumamosi, 10 Juni, hospitali

Mdogo wangu,

Umelala kwenye kiti, hatua moja na nusu kutoka kitanda changu. Taya langu wamelifunga kwa waya na daktari anasema nisitarajie kuzungumza mpaka mwezi wa nane. Wifi yako anamshukuru Mungu waziwazi. Basi ninakuandikia. Tumeshazoea, au siyo?

Nataka ulijue lililotokea kutoka kwangu, si kwa wapakiaji, maana wameanza kulitia chumvi.

Alhamisi alitua saa tatu na dakika kumi. Nilimpa chai. Alitabasamu, nikaliona pengo nililomtoboa, akasema, "Shemeji, yaliyopita tuyaache." Nikasema tuyaache. Nikamwongezea sukari. Sijawahi kufanya jambo gumu zaidi ya kuikoroga sukari ile.

Saa tano alikuja kuchukua hati. Nikasema uzito wa mizigo haulingani na hesabu zangu, ipimwe upya. Wakashusha kila kitu, wakapima, wakapakia. Uzito ulikuwa sawa kabisa, nilijua ungekuwa sawa. Nikasema mizani yenyewe ina shaka, warudie. Wapakiaji walinitukana mpaka ukoo. Rubani akasimama mlangoni akaniuliza, "Mzee, leo umeamka na nini?" Nikamwambia sheria ni sheria. Miaka kumi na minane ikaishia hapo, na nilikuwa natokwa jasho kama mwizi, lakini sahihi sikuitia.

Saa nane na dakika tano mashine ilianza kuchapa orodha ya abiria wa ndege yako. Orodha hiyo inakuja kwangu kila mara milango inapofungwa. Miaka yote inakuja, na katika kupanga kwangu kote nikaisahau, kwa sababu imekuwa sehemu ya kelele za chumba. Nilikuwa nimeinama natia sahihi hati yake kwa furaha, na karatasi ikatoka upande wa meza aliosimama yeye. Jina la baba lilikuwa mstari wa kumi na nne, na la kwako mbele yake.

Hakupayuka. Aliniuliza taratibu kabisa, "Anatua saa ngapi?"

Nikamjibu ninavyomjibu Mama. Saa kumi na moja.

Akamwambia rubani aondoke bila yeye. Akasema atakungoja ukumbini. Ana kitambulisho cha uwanja, hakuna mlinzi angemzuia kusimama anapotaka. Mama na wifi yako walikuwa wamekwisha kutoka nyumbani kuja kukupokea. Na wewe ulikuwa angani, unakuja kwetu kwa furaha yako yote, na kadiri unavyotusogelea ndivyo unavyomsogelea yeye.

Hapo nilifikiri, safari hii nilifikiri vizuri. Nikimpiga, tutakuwa mashemeji wawili wanaogombana. Walinzi watatuchukua wote au watatuacha wote. Lazima apigaye awe mmoja tu. Basi nikafungua mlango wazi. Nikavuta pembeni pazia la dirisha linalotazama wapakiaji. Nikapiga ukelele watu wote wasikie: "Huyu bwana alimpiga mateke mke wake mwenye mimba mpaka mtoto akatoka!" Halafu nikaitia mikono yangu mfukoni.

Alichomoa ule mkanda kiunoni. Pigo la kwanza lilinipata sikioni, la pili likavunja taya, nililisikia kama wewe ulivyosikia mkono wako. Niliangukia kabati lilelile la mafaili. Akaja na viatu. Nilihesabu mateke tisa kwenye mbavu, na kila moja ngumi zangu zilitaka kutoka, nami nikazishikilia humo mfukoni kwa kucha. Wauguzi wamekuta bitana ya mifuko imechanika. Kama ningerudisha hata moja, ungetua peke yako mikononi mwake. Nilikitazama kifungio cha chuma kikipanda na kushuka nikasema moyoni, endelea, bwana, watu wanaona.

Waliona watu thelathini. Walinzi walihitajika wanne kumtoa juu yangu. Mpaka leo yuko ndani, na rubani ndiye wa kwanza kuandikisha ushahidi.

Wewe ulitua saa kumi na moja kamili. Niliuliza hilo kwenye machela, kwa vidole.

Sasa swali langu, na ujibu ukitaka. Ile ngumi ya Februari. Umenisamehe?

Kaka

*

Jumamosi hiyohiyo, kwenye kiti

Kaka,

Ningeweza kukujibu kwa mdomo, wangu haujafungwa waya. Lakini mambo haya nimeyazoea kwenye karatasi.

Ndege ilipoanza kushuka nilikamata mikono ya kiti, nikaanza kuhesabu dakika arobaini. Mazoea. Kisha mlango ukafunguliwa nikamwona Mama amesimama na magoti yake yale mabovu, hana fimbo, amemsukuma mlinzi pembeni. Alinishika mkono mbovu akaupapasa kuanzia begani mpaka vidoleni. Asubuhi hii amenionyesha sanduku. Yamo mavazi yote, yamefuliwa tena na kukunjwa. Kumbe alijua tangu Aprili, kwa sababu uliacha kumtazama usoni. Tumelia wawili, tumelifunga, tumelirudisha chini ya kitanda.

Alikuwa wa miezi minne, Kaka. Nilimwona. Alikuwa mvulana. Basi, nimeandika.

Unauliza kama nimekusamehe. Hapana. Bado. Yule mtu ndiye aliyemuua mwanangu, lakini wewe ndiye uliyempandisha ndege akiwa na hasira yako mdomoni, na kila nikifumba macho nakuona ukitia sahihi. Sitakudanganya ati kwa sababu umelala hapo umevimba. Umechanika mifuko kwa ajili yangu na bado sijakusamehe, yote mawili ni kweli, na itabidi uishi nayo yote mawili kama ninavyoishi mimi.

Ila siendi popote. Kiti hiki kimeshonwa vibaya lakini ni changu.

Sasa weka kalamu chini. Uji unapoa, na mrija nimeushika mimi.